Mahali pa Kuweka Mikono

29 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Huku tu wazima, ila ni uzima wa kupanda ngazi kwa vituo. Mwenzangu anakusalimu sana. Wiki hii amefunga lifti mbili mpya kwenye jengo la ofisi, na bado nyumbani kwake mkewe anapanda ghorofa nne kwa miguu. Mganga hajigangi. Mwambie baba miwani yake iko tayari. Nimesaga vioo mwenyewe hapa dukani, na fremu niliyomchagulia akiikalia itapinda bila kuvunjika, maana najua ataikalia.

Sasa la mtoto. Juzi nilikwenda kliniki. Mkunga wa hapa ni mama mnene, mcheshi, ana kipembe cha mti cha kusikilizia kama kile chako. Alikiweka chini ya kitovu, akahama, akahama tena, mpaka akafika karibu na mbavu. Ndipo akacheka. Alisema mtoto amekaa kitako, kichwa juu, lakini wiki bado ni nyingi na wengi hujigeuza wenyewe. Wakati naondoka akaniambia, "Huyu anatusikiliza sisi kuliko tunavyomsikiliza yeye."

Nikakukumbuka. Nilipokuwa mdogo nikikubebea mkoba wa kazi, ukikuta mtoto amekaa namna hiyo ulikuwa unatoa watu wote nje, unafunga mlango, unamuuliza mama ni jambo gani halijasemwa ndani ya nyumba. Mimi nilikaa kizingitini nikasikia mara kilio, mara kicheko, mara kimya kirefu. Ulikuwa unasema mtoto wa hivyo amekaa kusikiliza, na hainami mpaka asikie alichokaa kukisikia. Na wengi waligeuka, Shangazi. Niliwaona mama zao wakirudi kukushukuru.

Basi na mimi nauliza, kwa kuwa huwezi kuja kunifungia mlango. Kuna jambo katika nyumba yetu halijasemwa?

Mimi, Mkia wako.


27 Aprili

Mkia wangu,

Marahaba, mwanangu. Usinune kwa kuchelewa kwangu. Barua yako ilifika mapema ikakaa juu ya kabati, mara goti likaniuma, mara mvua ikaingia stoo, siku zikaenda. Baba yako anashukuru kwa miwani. Sasa anaona mpaka asivyotakiwa kuona. Jana kanikosoa vumbi la dirishani, yeye ambaye hajashika kitambaa tangu azaliwe.

Kuhusu mjukuu wangu, usihangaike. Asubuhi kabla ya kula, piga magoti, shusha kifua mpaka kikaribie sakafu, nyanyua nyonga, kaa hivyo robo saa. Rudia jioni. Ukichoka, pumzika, usishindane na mtu. Na asije mtu yeyote wa mtaani kukukanda tumbo kwa mafuta eti anamgeuza. Tumbo si unga.

Yale ya kufunga mlango yalikuwa maneno ya kumpoza mwenye hofu. Mwanamke akilia akatua mzigo, tumbo hulegea, na likilegea mtoto hupata nafasi. Hakuna zaidi ya hapo. Lakini kwa kuwa umeuliza, haya, nakiri: ile redio ya baba yako iliyopasuka mwaka ulioanza shule, tukamsingizia paka, niliidondosha mimi. Paka wa watu alifukuzwa bure. Msomee mwanao acheke.

Jingine hakuna. Mama yako, wifi yangu, Mungu amrehemu, alikuzaa salama, peke yako, asubuhi ya kawaida, kwa mikono yangu hii hii.

Shangazi yako.


6 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Tunaendelea. Mwenye duka amenipa kiti kirefu nisage vioo nimekaa, na wateja wananipisha njia kama lori. Magoti napiga asubuhi na jioni. Mwenzangu ananihesabia dakika kwa saa yake ya kazini.

Ulisema nimsomee mtoto, nikamsomea. Ilikuwa jioni, jua bado liko dirishani, mkono mmoja tumboni. Kwenye redio na paka alicheza sana, mpaka nikacheka mwenyewe. Nilipofika mahali uliposema mama alinizaa salama, peke yangu, akaacha kucheza. Akajinyoosha. Kichwa kilipanda kikakaza chini ya mbavu za kulia, kama mtu anayebandika sikio mlangoni, nikakosa pumzi. Niliweka karatasi chini. Nilipoiweka, akalegea.

Unamjua mkwe wako, haamini asichoweza kukifungua kwa bisibisi. Alichukua barua akaisoma yeye, amenipa mgongo, akichanganya sentensi: mara magoti, mara vumbi, mara unga. Mtoto anacheza. Akaisoma ile. Mtoto akakaza. Akaanza upya kutoka chini kwenda juu, na mara ya tatu kutoka katikati, na kila alipoifikia ile ilikuwa vilevile. Basi akaikunja barua, akaenda kunawa mikono. Tangu siku hiyo karibu na tumbo langu hasemi ila kweli tupu. Juzi kaniambia chakula changu kina chumvi nyingi na amekivumilia miaka minne.

Nami nicheke basi, lakini naogopa, Shangazi. Naogopa sana.

Kuna swali jingine dogo. Kwa nini mnaniita Mkia? Nilidhani ni kwa vile nilikufuata kila mahali. Lakini nimetoa picha yangu ya miezi mitatu, na nyuma yake jina hilo limeandikwa kwa mwandiko wako. Wakati huo nilikuwa sijui hata kukaa, nilikuwa namfuata nani?

Mimi.


17 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Baba yako mzima, mimi mzima, kuku wazima.

Acha kusoma barua zangu kwa sauti. Mtoto wa tumboni husikia mlio, hasikii maana. Nimepokea watoto elfu moja na mia nane, hilo nalijua. Na majina ya utani ya watoto hayana sababu; kuna mzee hapa jirani anaitwa Kijiko na hakuna anayejua kwa nini.

Sasa nisikilize. Zalia hospitali yenye chumba cha upasuaji. Wakisema upasuaji, kubali, usilete ushujaa. Ila uchungu ukikuwahi ukajikuta mikononi mwa mkunga yeyote, kabla hujapanda kitandani muulize swali moja tu: mtoto akitanguliza makalio, mikono yako unaiweka wapi? Akisema anaiweka nyuma yake, au magotini, au ameshika kitambaa cha joto anangoja, huyo ndiye. Akisema anavuta, shuka. Hata kama mtoto amefika mlangoni, shuka utembee, uzalie sakafuni peke yako. <u>Asimvute mtu mwanao.</u> Nimepiga mstari. Umeuona?

Mambo ya zamani usiniulize tena.

Shangazi.


31 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Mstari nimeuona. Ulipiga kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Jumanne nilikwenda hospitali kubwa wajaribu kumgeuza kwa nje. Madaktari wawili, mmoja kushoto mmoja kulia, wamenipaka mafuta, wanasukuma. Mtoto alikwenda nusu, nikaona tumbo langu limekaa upande kama mfuko uliobebwa vibaya. Kisha mashine ya mapigo ikaanza kusita. Wakaacha palepale. Akarudi mwenyewe mahali pake, kichwa juu, na mapigo yakatulia. Daktari alifuta mikono akasema mtoto huyu hapendi kuharakishwa.

Wamenipangia upasuaji tarehe 14 Juni. Wanachohofia ni uchungu kuja kabla, kwa sababu nimewaambia mama alinizaa kwa muda mfupi mno, na makalio yakipita haraka kichwa kinaweza kubaki nyuma. Nikawauliza kikibaki inakuwaje. Mmoja akaizungushia tarehe yangu duara jekundu.

Halafu kuna hili. Siku ya barua yako ya mwisho nilikuwa dukani, nasaga kioo cha mteja. Ghafla mtoto akanyooka, kichwa kikakaza mbavuni, nikalazimika kuzima mashine. Nilitazama saa ya ukutani, ilikuwa saa tisa na dakika kumi. Niliporudi nyumbani jirani wa chini akanipa bahasha yako. Nikamuuliza imeletwa saa ngapi. Akasema saa tisa na kitu, alikuwa anaanika nguo. Mtoto alisikia barua ikifika, Shangazi, na mimi sikuwepo.

Nimekumbuka jambo la mama. Hakuwahi kupanda kitu, hata kiti. Taa ikiungua tulikaa bila taa mpaka baba arudi. Ni nini kilimtia hofu ile? Wewe na yeye mlikuwa wifi na wifi, mlioshea vyombo beseni moja. Unajua.

Nina wiki mbili. Niambie.


5 Juni

Mkia wangu,

Hii nampa dereva wa basi, siwezi kungoja posta. Salamu utanisamehe.

Mlikuwa wawili.

Wa kwanza alikuwa wa kiume, na alitanguliza mguu. Ilikuwa saa nne asubuhi. Barazani alikuwa amekaa mkaguzi wa wakunga, amekuja kuona kama nafaa kupewa kituo changu mwenyewe. Wifi alikuwa anapumua vizuri, hana haraka. Mtoto hana haraka. Mwenye haraka nilikuwa mimi. Nilitaka mkaguzi asikie kilio kabla hajamaliza chai yake. Nilikuwa nimefundishwa, mwanangu, nilijua vizuri mikono inakaa wapi. Nikashika kifundo cha mguu, nikavuta.

Mtoto akivutwa hurusha mikono juu. Ikapita kichwa, kidevu kikainuka, shingo ikakwama. Yaliyofuata simwandikii mwenye mimba. Alipotoka alikuwa amekwisha. Dakika ishirini baadaye ukaja wewe nyuma yake, kichwa mbele, ukalia kwa nguvu ya watu wawili, na mkaguzi akagonga mlango kunipa hongera. Wewe ndiwe mkia wake. Jina lilinitoka siku ileile, na kila nilipokuita nilikuwa namtaja yeye.

Nilimfunga kwenye shuka, nikamchukua mpaka mlangoni, nikasema amefia tumboni siku nyingi. Bibi yako akauliza kwa nini. Nikasema wifi alipanda ngazi kupaka chokaa chumba, na mimba ya miezi minane. Ni kweli alipanda. Aliyemshikia ngazi ni mimi. Bibi yako alimsimanga kwa ngazi ile miaka kumi na mitatu, mpaka anakufa, na mimi nikiwa nimekaa palepale nachambua mchele, sisemi.

Sikuvuta tena mtoto yeyote. Na kila nilipofunga mlango nikawaambia wanawake wenzangu watoe yao, yangu nilikuwa nimeyakalia.

Baba yako hajui kwamba nilivuta. Msomee mtoto. Na ukimaliza, ukitaka kuichana barua hii, ichane.

Mimi niliyekuwa shangazi yako.


9 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nakuamkia kama siku zote, kwa hiyo lile neno "niliyekuwa" lifute.

Dereva aliniletea mpaka dukani. Nilitoka nikasimama uani kwenye masanduku ya fremu, nikasoma kwa sauti yote. Hakukaza hata mara moja. Alikuwa ametulia tuli, kama mtu aliyeshika tama. Nilipofika mwisho nikangoja ageuke. Nilingoja mpaka wenzangu wakafunga duka. Hakugeuka.

Ndipo nikaelewa kwamba la kwako limesemwa, la kwangu bado.

Nilikuwa najua. Mama aliniambia mwaka alioondoka, akiwa kitandani, nikimlisha kwa kijiko. Maneno yake haya: "Niliusikia mkono wa shangazi yako ukivuta. Na mtoto alikuwa hai, alirusha teke akiwa nusu nje." Nikamuuliza kwa nini alikubali ile ya ngazi. Akasema angefungua mdomo wangekunyang'anya kituo, na wanawake wa pale hawakuwa na mkunga mwingine. Akasema aliyepoteza mmoja kwa haraka hatakuwa na haraka tena, akaona bora anyamaze, wazao wa wenzake wapone. Kiti hakupanda kwa sababu bibi alikuwa akimtazama. Baadaye bibi akafa, na yeye miguu ikawa imeshazoea kukataa.

Kwa hiyo tangu ile barua ya Machi nilikuwa nakutegea. Habari za kliniki ni za kweli, habari za mtoto ni za kweli, naapa, lakini swali nililokuuliza nilikuwa na jibu lake mfukoni. Nilitaka ulitoe mwenyewe, na nilitaka likuume likitoka. Nilikuchukia, Shangazi, na papo hapo nikikukumbuka mpaka chozi. Mtoto alinisikia nikitunga kila barua. Sijui alikuwa anamngoja nani kati yetu.

Nimeyasoma haya kwa sauti wakati naandika. Bado amekaa.

Njoo. Panda basi hilohilo linaloleta barua hii. Sitaki ukae huko ukingoja habari. Lakini humgusi. Utaingia kama mtu wa kunitia moyo, na mikono yako utaikalia. Ukiona ni tusi, usije.

Mkia.


2 Julai

Mkia wangu,

Marahaba, mama mtu. Nimefika nyumbani salama, goti limevimba lakini linatii. Baba yako nimemwambia, kama tulivyokubaliana. Alivua miwani akaipangusa muda mrefu sana, akaivaa, akatoka. Siku nne hakunisemesha. Leo mchana kaniomba chumvi. Nimempa.

Nilikuahidi nitakuandikia nilichokiona kule kliniki. Wewe ulikuwa umeuma mto, hukuona kitu, na mdomo wangu uligoma kukisema pale chumbani kwenu.

Unakumbuka chupa ilipasuka asubuhi ya tarehe 12, mimi nina siku moja tu tangu nishuke basi. Unakumbuka ghorofa nne, mkwe wangu amekushika kama sanduku la vioo, na tulipofika kwa yule mkunga mcheshi makalio yalikuwa yameshaonekana, hospitali kubwa haifikiki tena. Swali ulimuuliza mwenyewe, mlangoni, umekunja uso. Yeye hakujibu kwa mdomo. Alipeleka mikono nyuma ya mgongo akaifumbata, akakutazama. Ukapanda kitandani.

Mimi nilikaa kwenye stuli ya ukutani, viganja chini ya mapaja kama ulivyoamuru.

Alikuja vizuri. Miguu ikateremka yenyewe, kitovu kikaonekana, mkunga akamfunika mgongo kwa kitambaa cha joto bila kumshika. Bega moja, la pili. Kisha akasimama. Kichwa hakishuki. Mwili uko nje, unaning'inia, na kisogo hakijaonekana. Nikaanza kuhesabu. Dakika moja. Rangi yake ikaanza kubadilika. Mkunga ametulia, mikono iko nyuma. Nikaona ametulia mno. Nikasema moyoni, huyu hajui, mimi ndiye ninayejua. Mikono yangu ikatoka chini ya mapaja. Sikuituma, mwanangu, naapa. Ilikuwa imeshafika juu ya magoti, inakwenda kwenye kile kifundo cha mguu.

Ndipo kitu kikanikalia.

Kilikaa mapajani, juu ya mikono yote miwili. Nilitazama sikuona kitu, ila gauni langu lilibonyea katikati na kukaa hivyo. Mkwe wangu, aliyesimama kichwani pako, aliliona, muulize, yeye siku hizi hasemi uongo. Kilikuwa na joto. Kilikuwa kinapumua. Zamani kabla hatujaletewa mizani tulipima watoto kwa kuwapakata, na mimi sikosei hata robo kilo. Hii ilikuwa kilo mbili na robo. Uzito huo niliubeba mara moja tu, kutoka kitandani kwa mama yako hadi mlangoni, na sijaupoteza mikononi mwangu hata siku moja kwa miaka thelathini na mmoja.

Sikuweza kuinua kidole. Hakunifinya wala hakunisukuma. Alinikalia tu, kwa utulivu wa mtu asiye na haraka. Niliogopa, na bado nilitamani asiondoke.

Mkunga akasema, "Sasa." Nywele za kisogo zilikuwa zimeonekana. Akamwinua taratibu, uso ukapita, mwanao akalia. Na mapaja yangu yakawa mepesi.

Uliniuliza kwa nini nililia bila kujifuta machozi. Ni kwa sababu mikono ilikuwa imekufa ganzi, haikurudi mpaka jioni. Uliniuliza pia mtoto alikuwa anatazama nini, macho wazi vile, amekugeuzia kisogo wewe uliyemzaa. Nikakujibu watoto wachanga hawaoni mbali. Nilikudanganya, na ndio uongo wangu wa mwisho kwako. Alikuwa anatazama upande wangu, chini kidogo ya uso wangu, mahali mtu angekuwa kama angepakatwa.

Mwambie mara tu atakapoanza kuelewa maneno, msimfiche hata siku moja. Ana mjomba, na mjomba wake ndiye aliyempokea.

Shangazi yako.